Jua Ndani ya Nyumba: Historia ya Kufuga Matumbawe kwa Taa

Matumbawe ni wanyama, na jamaa yao wa karibu ni anemoni wa bahari, mnyama laini asiye na mifupa wala gamba, ambaye kinywa chake kimezungukwa na minyiri yenye sumu. Viumbe hao wanapatikana katika bahari za joto na za baridi, lakini wale wajenzi wa miamba ya kitropiki, pamoja na anemoni wakubwa wanaoishi kando yao, hawawezi kudumu bila mwanga, kwa kuwa ndani ya seli zao mnakaa mwani wa seli moja unaojitengenezea chakula kwa usanisinuru, yaani kazi ile ile ifanywayo na majani ya mti yanapotumia nguvu ya jua kugeuza maji na kabonidayoksaidi kuwa sukari. Mnyama huupa mwani makazi na mbolea inayotokana na taka za mwili wake, nao mwani humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu anayefuga matumbawe katika akwaria, yaani tangi la kioo lililojazwa maji ya chumvi, hana budi kujua mwanga uwe mwingi kiasi gani, uwe wa rangi gani, na uwake kwa saa ngapi. Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu matumbawe ya kwanza kufugwa hadi maswali hayo yalipoulizwa ipasavyo, na chanzo cha kuchelewa huko kinaanzia kwa wanyama wenyewe waliochaguliwa mwanzoni.

Mwaka 1846 Anna Thynne, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa ameolewa na kasisi wa kanisa kuu la Westminster, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay na kuyapeleka nyumbani kwake London. Kwa kuwa mji huo uko mbali na bahari na maji ya chumvi yalikuwa adimu, alimtaka mtumishi ayachote na kuyamimina tena na tena mbele ya dirisha lililo wazi, ili hewa iingie, na baadaye akaongeza magugu ya bahari yaliyosaidia kuyaweka maji katika hali njema. Matumbawe yake yaliishi kwa miaka kadhaa, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika mjini humo. Hata hivyo, aina aliyoifuga, inayojulikana kwa wanasayansi kwa jina la Caryophyllia smithii, ni ya bahari ya baridi na haina mwani ndani yake. Hula vijidudu inavyovinasa kwa minyiri, na hukaa hata mahali penye giza. Mafanikio ya Thynne yalikuwa ya kweli na yanastahili heshima, lakini somo lililotokana nayo lilihusu hewa na usafi wa maji peke yake.

Waliomfuata walilikazia somo hilo. Jumba la Samaki lilipofunguliwa mwaka 1853 katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, na Philip Henry Gosse alipochapisha kitabu chake kuhusu akwaria mwaka uliofuata, Waingereza walishikwa na hamu kubwa ya kuweka anemoni sebuleni, kiasi kwamba vidimbwi vya miamba katika pwani kadhaa vilichokolewa hadi kubaki vitupu. Katika majengo hayo ya mwanzo, yaliyofunikwa kwa vioo kama vibanda vya kuotesha maua, jua lilionekana kuwa adui, kwa kuwa lilipasha maji joto kupita kiasi na kuotesha utando wa kijani uliofunika kila kitu. William Alford Lloyd, fundi aliyejenga akwaria ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864 na ile ya Crystal Palace ya mwaka 1871, alilitatua tatizo hilo kwa kuyazungusha maji kupitia mahodhi makubwa yaliyofichwa gizani chini ya sakafu. Mbinu hiyo ilikuwa bora kwa samaki, kamba na anemoni wa Ulaya, na iliigwa mahali pengi. Lakini ilijenga mazoea ya kuamini kwamba akwaria nzuri ni ile yenye maji mengi ya baridi na mwanga kidogo.

Ushahidi uliopendwa zaidi na wafugaji wa zama hizo ulikuwa anemoni mwekundu aliyeokotwa mwaka 1828 na Sir John Dalyell katika pwani ya North Berwick, Scotland, akaishi ndani ya chupa ya kioo mjini Edinburgh hadi mwaka 1887, akiwa amemzidi umri mlezi wake wa kwanza aliyefariki mwaka 1851. Kiumbe huyo alibadilishiwa maji na kulishwa vipande vya nyama ya kome, na hakuna aliyemwazia taa. Naye pia ni wa jamii isiyobeba mwani. Kwa hiyo, karibu kila mnyama aliyefugwa kwa mafanikio katika karne ya 19 alikuwa anathibitisha kanuni isiyowafaa ndugu zake wa kitropiki, na pale wale wa kitropiki walipoletwa Ulaya na kufa, lawama iliangukia chakula, ubaridi au safari.

Maarifa yaliyohitajika kurekebisha kosa hilo yalipatikana mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1881 Karl Brandt, mtaalamu wa Kijerumani, alichunguza chembe za rangi ya kahawia na manjano zilizoonekana ndani ya miili ya wanyama wengi wa bahari, akatambua kuwa hazikuwa sehemu ya mnyama bali viumbe vinavyojitegemea, akavipa jina la zooksantela, ambalo bado linatumika kwa mwani wa matumbawe. Mwaka 1882 Patrick Geddes wa Scotland alionyesha kwamba anemoni wenye chembe hizo, wakiwekwa juani, hutoa mapovu ya oksijeni kama ifanyavyo mimea. Ukweli wote ulikuwa mezani: kuna anemoni wanaoishi kwa mwanga na kuna wasiouhitaji, na anayewafuga sharti awatenganishe. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha maabara na akwaria, na pengo hilo lilidumu kwa miongo kadhaa.

Tena, sayansi yenyewe ilirudi nyuma kabla ya kusonga mbele. Msafara wa Uingereza uliopiga kambi katika visiwa vya Low Isles, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, mwaka 1928 na 1929, uliongozwa na Charles Maurice Yonge, ambaye aliyafungia matumbawe ndani ya masanduku yasiyopitisha mwanga. Mwani ulitoweka, lakini wanyama waliolishwa waliendelea kuishi, na Yonge akahitimisha kwamba matumbawe ni wawindaji kamili ambao hawapati chakula cha maana kutoka kwa wapangaji wao, ila mwani husaidia kuondoa taka. Hoja hiyo, iliyotolewa na mtu mwenye sifa kubwa, ilitawala kwa muda mrefu. Upungufu wake ni kwamba kuishi gizani kwa miezi kadhaa si sawa na kukua, na mwamba wa matumbawe haujengwi na wanyama wanaoponea chupuchupu.

Majibu yalitoka katika vituo vidogo vilivyokuwa mbali na Ulaya. Katika kituo cha Kijapani cha Palao, kwenye Bahari ya Pasifiki, Siro Kawaguti alipima mwaka 1937 oksijeni inayotolewa na kutumiwa na matumbawe, akaona kwamba mchana wenye mwanga mzuri yalitoa zaidi ya yaliyotumia. Huko Marekani mwaka 1958, Leonard Muscatine na Cadet Hand walimpa anemoni kaboni yenye mnururisho, ambayo njia yake mwilini inaweza kufuatiliwa kwa chombo, wakaikuta imenaswa kwanza na mwani kisha imehamia katika nyama ya mnyama mwenyewe. Wakati huohuo, huko Jamaika, Thomas Goreau na Nora Goreau walitumia kalisi yenye mnururisho kupima kasi ya kutengenezwa kwa mifupa ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na mwaka 1959 walitangaza kwamba kasi hiyo huwa kubwa mara kadhaa kwenye mwanga kuliko gizani. Kuanzia hapo hapakuwa tena na nafasi ya shaka: mwanga ni chakula cha tumbawe, na ndio pia unaoliwezesha kujenga.

Wakati wataalamu wakibishana, watu wachache walikuwa wamekwisha kupata matokeo mazuri kwa kulitumia jua lenyewe. René Catala, Mfaransa aliyefungua akwaria mjini Nouméa, Kaledonia Mpya, mwaka 1956, alipitisha maji ya bahari mfululizo ndani ya matangi na kuyaacha matumbawe yapate mwanga wa asili, na hapo yaliishi kwa namna ambayo wageni kutoka Ulaya hawakuwahi kuiona. Aliyamulika pia kwa miale ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho ulio ng'ambo ya rangi ya zambarau, akagundua kwamba matumbawe ya kina kirefu hung'aa kijani, chungwa na nyekundu, jambo lililokuja kuathiri uchaguzi wa taa miongo kadhaa baadaye. Nchini Indonesia, Lee Chin Eng alieleza mwaka 1961 namna alivyofuga matumbawe kwa kutumia maji safi ya bahari, mapovu ya hewa, mawe yaliyojaa viumbe hai na mwanga wa mchana, bila mashine ya kuchuja. Wasomaji wa Ulaya na Marekani waliojaribu kumwiga wengi wao walishindwa, na ni haki kusema kwamba kosa halikuwa lake: jua la dirishani katika nchi za kaskazini wakati wa baridi si jua la Jakarta.

Kwa mfugaji wa kaskazini, basi, jua lilipaswa kutengenezwa. Taa za mrija za floresenti, ambazo umeme hupita katika mvuke wa zebaki na kuuwasha unga uliopakwa ndani ya kioo, zilianza kuuzwa mwaka 1938 kwa ajili ya ofisi, maduka na viwanda. Zilitoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo bila joto kali la balbu za waya, na wafugaji wa Ujerumani waliziweka nyingi kwa safu juu ya matangi yao. Kitabu cha Peter Wilkens kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1973, kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo katika akwaria za kitropiki, kilionyesha kwamba matumbawe laini, yaani yale yasiyojenga mifupa ya mawe, yangeweza kustawi chini ya taa za aina hiyo. Baadaye iliongezwa mirija ya buluu iliyoitwa aktiniki, ambayo awali ilikusudiwa kazi za kikemia kama kunakili michoro ya wahandisi. Inafaa kukumbukwa kwamba karibu kila taa iliyotumika katika historia hii ilibuniwa kwa shughuli nyingine, na wafugaji waliiazima.

Mkopo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa taa za metali halaidi, zilizotengenezwa katika muongo wa 1960 kwa ajili ya viwanja vya michezo, viwanda na barabara. Ndani yake, chumvi za metali huchomwa kwa tao la umeme katika chombo kidogo mno, hivyo mwanga hutoka karibu na nukta moja, kama jua, na hupenya hadi chini ya tangi ukichora vivuli na mistari inayochezacheza juu ya mchanga. Wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, walizitumia mwanzoni mwa muongo wa 1980 pamoja na mawe hai na chombo cha kuondoa uchafu kwa povu, na chini yake matumbawe ya jamii ya Acropora, yenye matawi membamba na sifa ya kufa upesi, yakaanza kukua kwa sentimita. Vipande vilivyokatwa kutoka kwa tumbawe mama la Stüber viligawiwa kwa wafugaji wenzake, na vizazi vyake vilisambaa katika nchi nyingi. Mjini Washington, Walter Adey alijenga mwaka 1980 mwamba mdogo wa matumbawe katika jumba la makumbusho la Smithsonian, nao uliwashwa kwa taa za aina hiyo. Tukio la Berlin ndilo lililogeuza historia nzima, kwa kuwa lilithibitisha kwamba kilichokuwa kikiyaua matumbawe yenye mifupa ndani ya nyumba kwa muda mrefu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, njaa ya mwanga.

Nguvu hiyo ilikuwa na gharama. Taa ya wati 250 au 400 hupasha maji joto, na matangi mengi yalilazimika kuwekewa mashine za kupoza. Kioo cha kinga kikisahauliwa, miale ya urujuanimno iliunguza nyama ya matumbawe kwa siku chache. Zaidi ya hayo, wafugaji walirithi kipimo kibaya. Walihesabu wati kwa lita, ilhali wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa na si cha mwanga unaofika kwa mnyama. Walitumia pia vipimo vya mwangaza vilivyotungwa kwa jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani na manjano, wakati maji ya bahari humeza wekundu katika mita chache za mwanzo na kuiacha buluu ishuke hadi chini kabisa, na rangi za mwani wa matumbawe zinafaa hasa kunasa buluu hiyo. Taa inayopendeza macho sebuleni, kwa hiyo, inaweza kuwa hafifu mno kwa tumbawe.

Kipimo kilicho sahihi kilitoka kwa wataalamu wa kilimo. Katika muongo wa 1970 ilikubalika kuhesabu chembe za mwanga, ziitwazo fotoni, zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, kwa kuwa hizo ndizo zinazotumika katika usanisinuru, na kutaja idadi yake kwa mikromoli zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Kwa kipimo hicho, jua la adhuhuri juu ya bahari ya kitropiki hufikia takriban 2,000. Takwimu hiyo iliwatisha wafugaji wengi, lakini hofu ilipungua utafiti ulipoonyesha kwamba mwani wa matumbawe mengi hushiba mapema sana, kwenye mikromoli mia chache tu, na ukizidishiwa huanza kudhurika. Katika Bahari ya Shamu, karibu na Eilat, Paul Falkowski, Zvy Dubinsky na wenzao walilinganisha matumbawe ya aina moja, Stylophora pistillata, yaliyokua juani na yaliyokua kivulini, wakaona kwamba yale ya kivulini huongeza klorofili ili kunasa mwanga kidogo unaopatikana, na kwamba ni yale ya juani tu yaliyoweza kupata kutoka kwa mwani nguvu yote yanayohitaji kupumua. Hivyo, neno «kutosha» likapata maana mbili: kiasi kinachozuia kifo, na kiasi kinachoruhusu kukua, na yeyote anayechagua taa bila kuamua anataka lipi kati ya hayo mawili anabahatisha.

Anemoni wana mahitaji yao. Ni aina 10 tu za anemoni zinazokubali kukaliwa na samaki wa jamii ya Amphiprion, na zote hubeba mwani. Heteractis magnifica, ambaye huonekana pia katika miamba ya Kenya na Tanzania akiwa na samaki Amphiprion akallopisos kati ya minyiri yake, hupenda kukaa wazi juu ya mwamba, penye jua na mkondo, wakati Entacmaea quadricolor hujificha mguu katika ufa na kunyoosha minyiri tu kuelekea mwangani. Tofauti na matumbawe, anemoni anaweza kutembea: akikosa mwanga hujibandua na kuhama, na katika tangi uhamaji huo humfikisha kwenye mdomo wa pampu inayomkata vipande. Wengi waliouzwa katika karne ya 20 walikuwa weupe kama karatasi au wametiwa rangi ya manjano, nao walinunuliwa kwa uzuri wao, ilhali weupe huo ulikuwa dalili kwamba mwani umekwisha kutoka. Biashara hiyo ilikuwa ya kuumiza, kwani mnyama anayeweza kuishi miongo mingi baharini alitupwa baada ya majuma machache.

Taa za LED zilileta mabadiliko ya mwisho. Shuji Nakamura alitangaza mwaka 1993 kifaa kinachong'aa buluu kwa nguvu, na kazi hiyo ilimpatia, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014. Kuanzia katikati ya muongo wa 2000 vifaa hivyo vilianza kuwekwa juu ya matangi, na kwa mara ya kwanza mfugaji aliweza kuchagua kila rangi peke yake, kupandisha mwanga polepole asubuhi na kuushusha jioni. Baadhi walitawaliwa na buluu, kwa sababu ndiyo inayoamsha mng'ao ule ulioonwa na Catala, wakasahau kwamba mng'ao huo si kipimo cha afya. Wengine waliyatoa matumbawe chini ya taa kuukuu na kuyaweka ghafla chini ya LED kali, yakapauka, yaani yakaufukuza mwani wake na kubaki meupe. Kupauka huko ni kule kule kulikoikumba pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998, maji yalipopata joto lisilo la kawaida kuanzia Kenya hadi Mafia na kusini zaidi: joto huvuruga mtambo wa usanisinuru, na mwanga mkali unaozidi uwezo wa mtambo huo ndio unaokamilisha madhara. Akwaria ilifundisha jambo hili kwa uwazi mkubwa, kwani humo joto na mwanga vinaweza kutenganishwa na kupimwa kimoja kimoja.

Mwanga pia ni kalenda. Katika Mwamba Mkuu wa Australia, iligunduliwa mwanzoni mwa muongo wa 1980 kwamba matumbawe ya aina nyingi hutoa mayai na mbegu za kiume usiku mmoja, siku chache baada ya mwezi mpevu, na kwa miaka mingi hakuna akwaria ya ndani iliyoweza kulipanga tukio hilo. Katika Jumba la Makumbusho la Horniman, London, Jamie Craggs na wenzake walianza mwaka 2012 kuigiza kwa taa urefu wa siku za kila msimu, nguvu ya jua na awamu za mwezi, pamoja na mabadiliko ya joto la maji, na mwaka 2017 walichapisha matokeo yaliyoonyesha aina 4 za Acropora zikikamilisha mzunguko mzima wa uzazi ndani ya jengo, maelfu ya kilomita kutoka bahari yoyote ya kitropiki. Wataalamu wa akwaria ya Florida waliichukua mbinu hiyo kwa ajili ya tumbawe nguzo, Dendrogyra cylindrus, ambalo lilikuwa linatoweka katika miamba ya jimbo lao kutokana na maradhi, na mwezi Agosti 2019 matumbawe hayo yalitoa mayai na mbegu chini ya taa kwa mara ya kwanza, na mabuu yaliyopatikana yakalelewa.